Kurudi kwa miguu au kwa helikopta kutoka kambi ya Everest

Wengi wanaoniuliza habari za Everest wameshapanda Kilimanjaro. Baridi ya kambi ya Barafu wanaijua, kichwa kinavyogonga usiku wa kwenda kileleni wanakijua, na wameshapitwa na wapagazi wenye mzigo kichwani wakati wao na kibegi kidogo wanatafuta pumzi. Kwa hiyo hawaniulizi kama wataweza kufika kambi ya chini ya Everest. Wananiuliza hivi: "Dada, kampuni imenipa vifurushi viwili. Kimoja napanda kwa miguu na kurudi kwa miguu, kingine napanda kwa miguu na kurudi kwa helikopta. Nichukue kipi?"

Nimerudi kwa njia zote mbili. Safari ya kwanza niliteremka kwa miguu mpaka Lukla, ya pili nikapanda helikopta Gorak Shep. Nitazilinganisha kama nilivyoziona, na nitaongeza njia ya tatu ambayo kampuni nyingi haziitaji mpaka uulize mwenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu anayeitaka helikopta.

Kupanda ni kulekule

Helikopta inabadilisha kurudi tu. Ukipokea ratiba, kabla hujaangalia bei, hesabu siku za kupanda.

Ratiba nzuri ya Khumbu, eneo la Everest huko Nepal, inakwenda hivi. Unaruka kwa ndege ndogo hadi Lukla, mita 2,860, unatembea saa chache na kulala Phakding, mita 2,610. Kesho yake unafika Namche Bazaar, mita 3,440, na hapo unalala mara mbili ili mwili uzoee. Kisha Tengboche penye monasteri, mita 3,867. Kisha Dingboche, mita 4,410, napo unalala mara mbili. Halafu Lobuche, mita 4,940, na mwisho Gorak Shep, mita 5,164. Siku ya kufika Gorak Shep unaacha mizigo, unakwenda kambini, mita 5,364, na kurudi kulala. Alfajiri ya siku ya tisa unapanda Kala Patthar, zaidi ya mita 5,500. Usiiruke hiyo. Ukiwa kambini kilele cha Everest hakionekani, kimefichwa na milima iliyo mbele yake. Kala Patthar ndipo unapokiona.

Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upate siku ya kupumzika. Kampuni inayokuuzia Everest kwa siku saba pamoja na helikopta haikupunguzii kurudi peke yake. Imekata siku ya Namche au ya Dingboche, na hizo siku mbili ndizo zinazokufikisha. Ratiba ya namna hiyo naikataa kabla ya kuzungumza bei.

Waliotoka Kilimanjaro wasikilize zaidi hapa. Kwetu unajilaza Barafu, mita 4,673, kwa saa chache tu, usiku unaamka unakwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, na jioni hiyohiyo umeshafika kambi ya Mweka, mita 3,100. Unafika juu sana lakini hukai juu. Khumbu hufiki kimo cha Uhuru, ila unalala juu ya mita 4,400 mara nne mfululizo. Gorak Shep oksijeni unayoivuta ni kama nusu ya ile ya Dar es Salaam. Usiku wangu wa kwanza pale nilikuwa nasinzia, pumzi inakatika, nashtuka nikivuta hewa kama mtu aliyeibuka majini, halafu nasinzia tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Kiongozi wangu alinieleza kuwa katika kimo kile hilo huwapata wengi. Nilimwelewa, lakini sikutamani usiku mwingine.

Neno la Wanepali la "pole pole" ni *bistarai*. Kiongozi wangu aliniita *didi*, dada, nami nikamwita *dai*, kaka, na kutwa nzima nikawa nasikia "bistarai, didi, bistarai." Mtu wa Moshi anajisikia nyumbani.

Siku unazookoa

Njia zinaachana baada ya Kala Patthar. Ile ya tatu ni kuteremka kwanza hadi kijiji cha Pheriche na kupandia helikopta hapo.

| | Kwa miguu hadi Lukla | Helikopta kutoka Gorak Shep | Helikopta kutoka Pheriche |
|---|---|---|---|
| Kufika Kathmandu | Siku ya tatu baada ya Kala Patthar | Siku hiyohiyo | Kesho yake |
| Hali ya hewa ikifunga, unasubiri | Lukla, mita 2,860 | Gorak Shep, mita 5,164 | Pheriche, mita 4,371, au unaendelea kwa miguu |
| Kazi ya magoti | Siku tatu, kushuka na kupanda | Kala Patthar peke yake | Kala Patthar na nusu siku ya mteremko |
| Gharama ya ziada | Malazi, chakula, tiketi ya ndege ya Lukla | Siti au helikopta nzima | Karibu sawa na Gorak Shep |

Unaokoa siku tatu, basi. Kwa mwajiriwa mwenye likizo ya wiki mbili, anayetoka Nairobi au Dar na kupitia Doha au Dubai, siku tatu si kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye jedwali. Misimu ya watu wengi, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Novemba, ndege nyingi za Lukla haziondokei Kathmandu. Zinaondokea Ramechhap, mwendo wa saa nne hadi tano kwa gari, na unaamshwa saa saba au saa nane za usiku ili uwahi. Kurudi ni hivyohivyo: unatua Ramechhap halafu unakaa barabarani tena. Anayerudi kwa miguu anamalizia safari yake ndani ya basi dogo linalokata kona za milimani, ilhali helikopta inakushusha Kathmandu penyewe. Ukipiga hesabu ya siku, hesabu na hilo.

Mteremko wa Khumbu

Mpanda Kilimanjaro anaikumbuka Mweka: ngazi za udongo na mizizi, mapaja yanatetemeka, kucha za miguu zinageuka nyeusi. Kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka ni karibu mita 2,800 za kushuka kwa siku moja. Nadhani ndiyo maana watu wetu wakisikia neno helikopta wanalikimbilia, maana wanaukumbuka mteremko ule.

Khumbu si Mweka. Kutoka Gorak Shep hadi Lukla ni kama mita 2,300, zimegawanywa siku tatu, na siku ya kwanza mteremko ni mpole. Unapita kilima cha Thukla penye minara ya mawe ya kuwakumbuka waliofia Everest, wenyeji Washerpa na wageni, bendera za maombi zikipigwa na upepo. Nilipopita pale nikipanda, kichwa kilikuwa kinaniuma na sikusoma jina hata moja. Nilipopita nikishuka nilivua begi, nikakaa juu ya jiwe, nikayasoma. Anayeondoka kwa helikopta Gorak Shep hapati mara ya pili.

Mwili nao unarudi. Kule juu nilikuwa naishi kwa supu ya kitunguu saumu na biskuti. Jioni ya Pheriche nilikula dal bhat, wali na dengu na mboga, nikaongezwa, nikaongezwa tena. Hata pua inafunguka. Gorak Shep harufu ni moja, moshi wa kinyesi kikavu cha yak, ng'ombe wa manyoya wa milimani, kwenye jiko la sebuleni. Ukikaribia Pangboche unaanza kunusa mreteni, halafu udongo wenye maji, halafu miti. Nilikuwa sijui kama nimezikosa harufu mpaka ziliponirudia.

Lakini nisikudanganye kwamba ni mteremko mtupu. Kutoka Tengboche unashuka kama mita 600 hadi mtoni Phungi Thenga, magoti yanalia, kisha unapanda tena upande wa pili karibu saa mbili. Baada ya Namche ni kushuka tena hadi daraja refu la kuning'inia. Na saa ya mwisho kabla ya Lukla ni kupanda, wakati akili ilishajiambia kwamba kazi imekwisha. Mwenye goti lililowahi kufanyiwa upasuaji afikiri sana juu ya siku ya Tengboche kwenda Namche.

Pale Phungi Thenga nilimwona mpagazi akipumzika, na bado namkumbuka. Alikuwa amebeba kikapu chao, *doko*, kilichojaa mbao, kamba ya *namlo* imepita kipajini. Hakukitua. Alichomeka chini ya kikapu kifimbo chake chenye umbo la herufi T, *tokma*, akakiegemeza hapo mzigo ukiwa bado mgongoni, akapiga mluzi mmoja mrefu wa kutoa pumzi, akakaa hivyo dakika moja, akaendelea. Nimekulia kati ya watu wanaobebea wageni mizigo, na nilisimama kumwangalia mpaka kiongozi akaniita.

Mwenye siku nyingi ana njia nzuri kuliko zote hizi: asirudi alikopita. Kutoka Lobuche unaweza kuvuka Cho La, mita 5,420, ukaingia bonde la Gokyo lenye maziwa ya buluu, ukateremkia Namche kwa upande mwingine. Inaongeza siku tatu au nne na kuna barafu ya kuvuka, kwa hiyo inataka kiongozi anayeijua. Kama ningekuwa na mwezi mzima, nisingewaza habari ya helikopta.

Asubuhi ya helikopta

Sasa upande wa pili, na nitausifu kwa haki.

Uwanja wa helikopta wa Gorak Shep ni kipande cha mchanga na kokoto. Kabla ya kwenda pale tulipimwa ndani ya nyumba ya wageni, kwenye mizani ya kukanyagia kama ya kliniki ya watoto, mtu na begi lake, jamaa mmoja akiandika kilo kwa kalamu kwenye kiganja chake. Hizo kilo si urasimu. Katika hewa nyepesi mapanga ya helikopta hayapati cha kushika, na injini nayo inadhoofika. Helikopta inayotumika sana kule ni AS350 B3, ambayo siku hizi inauzwa kwa jina la H125. Ni aina ileile ambayo rubani Mfaransa Didier Delsalle aliitua kwenye kilele cha Everest tarehe 14 Mei 2005. Bondeni inabeba abiria watano. Gorak Shep inabeba wawili, pengine watatu.

Kwa hiyo mkiwa watano hamwondoki pamoja. Inachukua wawili, inawashusha Pheriche, inarudi kuchukua wengine, halafu mnaondokea wote Pheriche. Mimi nilikuwa wa zamu ya kwanza. Nilisimama Pheriche kwenye upepo kama nusu saa nikisubiri wenzangu, na hapo ndipo nilipojiuliza kwa nini hatukuja kulala hapa jana.

Injini haizimwi. Unangoja umechuchumaa mbele, pale rubani anapokuona, kamwe usipite nyuma mkiani, mawe madogo yanakupiga usoni, mtu anakushika bega na kukusukuma ndani, mlango unafungwa, na kabla hujapata mkanda ardhi imeshaondoka. Helikopta haipandi. Inainamisha pua na kujitupa bondeni. Ama Dablam, mlima wa mita 6,812 ambao niliutazama kwa siku tano nikiwa chini yake, ukaja dirishani, nikaona mikunjo ya theluji ubavuni mwake. Paa la monasteri ya Tengboche likapita kama kiberiti. Njia niliyoitembea siku nane ilikuwa uzi wa kahawia chini yangu, nikaweza kuonyesha kwa kidole: pale nilitapika, pale tulikunywa chai, pale nilitaka kurudi. Kufika Lukla, ukiacha kusubiri kule Pheriche, hakukuzidi dakika ishirini na kitu. Hapo inajaza mafuta, kisha Kathmandu.

Saa sita mchana nilikuwa chumbani Thamel, mtaa wa wageni wa Kathmandu, viatu vina vumbi la Kala Patthar, pikipiki zinapiga honi chini ya dirisha, na miguu yangu haijui kwa nini imesimama. Uzuri wa dakika zile siwezi kuubeza. Lakini nilihisi nimeondolewa mezani kabla ya kumaliza kula.

Mahali pa kusubiri

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote.

Helikopta na ndege za Khumbu zinategemea asubuhi. Mchana mawingu yanapanda mabondeni, upepo unaanza, na kazi inasimama. Asubuhi ikifunga, mnasubiri kesho. Kila mtu anaijua hadithi ya kukwama Lukla, na ni kweli watu hukaa siku mbili tatu pale wakitazama ukungu. Lakini kukwama Lukla ni kukwama mita 2,860. Unakula, unalala, unaoga, unacheza karata. Kukwama Gorak Shep ni kukwama mita 5,164, mahali ambapo mwili haupati nafuu hata ukilala kutwa.

Sisi helikopta haikuja siku tuliyoahidiwa. Wakala wa Kathmandu aliyetuuzia siti alisema kwa simu kwamba iko njiani, akasema hivyo tena saa nne, na saa saba akasema kesho. Baadaye tukajua kwamba siti zetu zilikuwa za kuchangia na walikuwa wanangoja abiria wa kuijaza. Usiku ule wa pili mwenzetu mmoja alianza kutapika, na kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni kilisoma chini ya asilimia 70. Kiongozi akakaa naye mpaka asubuhi, akatuambia jua likitoka bila helikopta tunaanza kumteremsha kwa miguu. Ilikuja. Ila tulikuwa tumelipa pesa nyingi ili tukae mahali pabaya kwa siku nzima, wakati kwa saa tano za mteremko tungekuwa tumeshuka karibu mita 800.

Njia ya tatu ndiyo hiyo. Panda Kala Patthar alfajiri, kunywa chai Gorak Shep, teremka taratibu, pita Thukla usome yale majina, lala Pheriche. Pheriche kuna kituo cha afya cha Himalayan Rescue Association kilichoanzishwa 1973, kinachofunguliwa misimu ya wageni na chenye madaktari wanaojua ugonjwa wa miinuko. Asubuhi helikopta ikija, inabeba watu wengi zaidi kwa mara moja kwa sababu hewa ni nzito kidogo. Isipokuja, hukai kungoja: unafunga begi na kuendelea kwa miguu kuelekea Namche, ukishuka na kupona kila saa. Helikopta ikija, umepoteza siku moja tu kati ya tatu ulizotaka kuokoa, na hufungwi tena na simu ya wakala.

Pesa, na jambo la bima

Vibali ni vilevile kwa njia zote, cha Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha na cha halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, na kiongozi wako atakukatia. Viza ya siku 15 ni dola 30 na ya siku 30 ni dola 50. Chukua ya siku 30 hata kama unarudi kwa helikopta, maana mawingu hayasomi pasipoti.

Siti ya kuchangia kwenye helikopta inakwenda mamia ya dola hadi elfu na zaidi, kutegemea msimu na umbali. Kukodi helikopta nzima ni maelfu. Upande wa pili weka tiketi ya ndege ya Lukla ambayo hutainunua, na vitanda na vyakula vya siku tatu. Tofauti bado ni kubwa. Ukiwa na wenzako watatu au wanne mnaofahamiana, kodini nzima mgawane. Hakuna wa kumngoja.

Bima sasa. Utahitaji bima inayotaja kwa maandishi safari ya miguu hadi mita 6,000 na kuokolewa kwa helikopta. Bima nyingi za kawaida za wasafiri zinaishia chini ya hapo, nyingine mita 3,000. Anayerudi kwa miguu anaihitaji sawasawa na anayerudi kwa helikopta. Na bima hailipi helikopta uliyoipanga mwenyewe. Inalipa ya mgonjwa, na kampuni nyingi zinataka zipigiwe simu kabla haijaitwa, kwa hiyo namba yao iwe kwa kiongozi wako, siyo ndani ya barua pepe isiyofunguka Lobuche.

Kuna watakaokuambia: sema unaumwa kichwa, saini hapa, bima italipa, utarudi bure. Usisaini. Mwaka 2018 Nepal ilifichuliwa mtandao mkubwa wa uokoaji wa uongo, wageni wazima wakipandishwa helikopta na hospitali zikipeleka bili, hata serikali ikalazimika kuchunguza na kuweka kanuni mpya. Kampuni za bima zikatishia kuacha kuwakatia watu wanaokwenda Nepal. Anayeumia mwisho wa yote ni yule anayeumwa kweli, anayelala Lobuche mapafu yakijaa maji, helikopta ikisubiri mtu wa bima huko mbali aamini kwamba huyu si mwongo. Nilimwona mwenzetu akitapika usiku kucha, kwa hiyo hili nalisema kwa moyo wote.

Na upande wa pili wa hilo: ukiumwa kweli, ukaanza kuyumba unapotembea, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, usijali umelipia njia gani. Unashuka muda huohuo, kwa chochote kilichopo.

Hofu ya kuruka

Wapo wanaochagua helikopta kwa sababu wanaogopa uwanja wa Lukla, barabara ya mita 527 iliyoinama, mlima mbele na bonde nyuma. Naielewa hofu hiyo. Lakini helikopta inakuondolea kuruka kutoka Lukla tu, kutua kunabaki, na helikopta nazo zinaanguka. Tarehe 11 Julai 2023 moja iliyotoka upande wa Everest ilianguka ikaua rubani na watalii watano, msimu wa mvua, na baada yake safari zisizo za lazima zikasimamishwa kwa muda. Usiende Juni hadi Agosti. Usimsukume rubani aruke.

Wenyeji nao wana la kusema. Mwanzoni mwa 2025 wakazi wa Khumbu walizuia helikopta za watalii zisitue, kwa ajili ya kelele na kwa sababu mgeni anayeruka juu ya nyumba zao za wageni hawezi kulala ndani yake. Mama aliyeniongeza dal bhat Pheriche anaishi kwa watu wanaoshuka kwa miguu.

Basi uchukue ipi?

Kama una siku kumi na sita au zaidi na magoti mazima, rudi kwa miguu. Mara nyingi ndiyo safari bora, na ndiyo ya bei nafuu. Kama una siku kumi na mbili au kumi na tatu jumla, au goti lako halitaki siku ya Phungi Thenga, chukua helikopta, lakini iandikwe kwenye mkataba kwamba unaondokea Pheriche, ni siti ya kuchangia au nzima, kilo ngapi kwa mtu, na nani analipia kitanda hali ya hewa ikifunga. Helikopta ya Gorak Shep ningemwachia mtu ambaye likizo yake haina hata siku moja ya ziada, na hata huyo ningemwambia asogeze tarehe kwanza.

Na kama kinachokuvutia kwenye helikopta ni woga wa siku nyingi mahali pa juu, huenda Everest siyo unayoitafuta. Kambi ya chini ya Annapurna iko mita 4,130, unaanzia Pokhara kwa gari, hakuna Lukla, na unarudi kwa miguu ndani ya siku saba hadi kumi. Ni nzuri mno, na sioni aibu kuitaja kwa pumzi moja na Everest.

Bahasha

Ukiruka, kiongozi na mpagazi wako wanabaki. Mara nyingi hakuna nafasi yao kwenye helikopta. Wao watashuka kwa miguu siku tatu zilezile ulizookoa wewe, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa kama kampuni inawalipa siku za kurudi, na ujibiwe kwa maandishi. Wanaofahamu maisha ya wapagazi wa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Na pesa ya shukrani lazima uwe nayo taslimu, kwa rupia, tangu Namche, kwa sababu Pheriche na Gorak Shep usitegemee mashine ya benki. Anayerudi kwa miguu anawapa Lukla, jioni ya mwisho, chakula kikiwa mezani na watu wakiimba. Mimi nilimpa *dai* wangu bahasha yake asubuhi, kando ya helikopta, na nilichotaka kumwambia hakikusikika. Mpe usiku uliotangulia, mkiwa mmekaa karibu na jiko.